Theluji ya Karani

Majira ya Mungu hayakumtosha shemeji yangu. Sisi wengine wa Pwani tulikuwa na kaskazi na kusi, masika na vuli, tukalima na kujikuna harara kwa kuyafuata hayo, na hakuna aliyelalamika. Yeye, Karani, mume wa dada yangu, aliyekaa Changamwe katika nyumba ya matofali aliyopewa na kazi, alikuwa na majira mengine aliyoyatoa kwenye kalenda ya ukutani iliyochapishwa Uingereza. Kila mwezi ulikuwa na picha yake. Oktoba majani mekundu, Novemba moto wa kuni na watoto wameuzunguka, Disemba nyumba iliyofunikwa na theluji mpaka madirishani. Miaka yote niliyomjua aliishi kwa kalenda ile, akawatia humo wanawe wawili na dada yangu, na mimi pia kila nilipokwenda kuwatazama.

Nasema mapema, mtu asije akadhani naandika kwa mapenzi: nilimdharau. Sikumdharau kwa majani wala kwa theluji, maana hayo yalikuwa ya kuchekesha tu. Nilimdharau kwa ajili ya mamake. Mama yule alikuwa akija kila Krismasi kutoka shambani kwake Mwakirunge, naye Karani alikuwa akimficha jikoni wageni wasimwone, na wajukuu wakakatazwa kwenda kwake mpaka mgeni wa mwisho aondoke. Kila mwaka niliingoja siku ambayo angemtoa, amkalishe kitini mbele ya watu, aseme, "Huyu ndiye mamangu." Watoto nao waliingoja. Ni maneno matatu tu, na mtu aliyejua Kiingereza chote kile hayakumtoka.

Mimi nilikuwa mwalimu wa watoto wadogo katika shule ya kanisa huko kwetu Kisauni. Sikuwa nimeolewa, na Jumamosi nyingi nilipanda basi, nikavuka daraja, nikakipita kisiwa chote, nikatokea bara ya upande wa pili kumsaidia dada kazi. Ndivyo nilivyopata kumjua Karani kuliko wengi waliomsifu. Kanisani walimsifu. Kazini kwake bandarini walimsifu. Alikuwa safi, kola yake imepigwa pasi hata ungekata nayo nanasi, na alipokuwa akitembea aliweka kalamu tatu mfukoni ingawa mbili hazikuwa na wino.

Tuanze na Oktoba. Nyuma ya nyumba palikuwa na mti wa mkungu, na mkungu majani yake huwa mekundu kabla ya kupukutika. Karani aliwafundisha watoto kuyaokota, kuyabana ndani ya vitabu, kisha kuyabandika ukutani sebuleni kwa uji wa unga. Aliita ni majira ya majani kuanguka. Mwaka mmoja mti ukachelewa, majani yakabaki kijani kibichi mpaka mwezi ukawa unakwisha. Nilifika Jumamosi nikawakuta watoto wamekaa sakafuni, vidole vimelowa damu, nikapiga ukelele. Haikuwa damu. Karani alileta chupa ya wino mwekundu kutoka ofisini, nao walikuwa wakiyapaka majani mabichi moja moja.

"Shemeji," nikamwambia, "na mti wenyewe umekataa?"

"Mti hauna elimu," akanijibu. "Desturi ni kitu cha kufundishwa."

Hilo lilikuwa neno lake. Desturi ni kitu cha kufundishwa. Alilisema juu ya kijiko na uma, juu ya kubisha hodi kwa vifundo vya vidole badala ya kuita kwa mdomo, juu ya kutomuuliza mtu habari za nyumbani kabla ya shida iliyomleta. Neno lake la pili lilikuwa, "Huko hawafanyi hivyo." Hakuwahi kufika huko. Alikofika mbali kabisa ni Voi, na alirudi anaumwa tumbo.

Mapema Novemba alikusanya magunia na makumbi ya nazi, akatengeneza mtu, akamvika kofia kuukuu, na jua linapozama akamtia moto uani huku watoto wakimzunguka. Ilikuwa kwa kumbukumbu ya mwovu mmoja aliyetaka kuwalipua wakubwa wa London karne tatu zilizopita. Mkabala na nyumba yao palikaa fundi wa magodoro, mzee wa Kiislamu mwenye upole mwingi, aliyeshona barazani kwake tangu alfajiri mpaka adhuhuri. Mwaka wa kwanza alivuka njia akaja kutazama.

"Masalkheri, Karani. Mtu huyu amekukosani?"

"Mimi hakunikosea, mzee."

"Amemkosa babako?"

"Hapana. Ni mambo ya Uingereza."

"Sasa wamtoma moto wewe kwani? Wao hawana viberiti?"

Watoto walicheka, na Karani akawaingiza ndani kwa hasira. Fundi hakuwa na nia mbaya. Alitaka kujua tu, na swali lake mpaka leo sijapata mtu wa kulijibu.

Disemba ndiyo iliyokuwa balaa. Jua la kaskazi linapiga bati mpaka linalia, na Karani anawavika wanawe sweta nzito za kufumwa, soksi za kufika magotini, na madirisha yanafungwa ili nyumba iwe kama ile ya kwenye picha, ambapo watu wamejikunyata ndani kwa sababu nje hakukaliki. Nje kwetu kulikuwa na upepo mzuri wa baharini. Ndani tulikuwa tunatokota. Kijana mkubwa, Harodi, alivumilia kwa kuwa alikuwa akimwogopa babake. Mdogo wake, Winifrida, alitokwa na harara shingo nzima, akajikuna mpaka akatoka damu ya kweli. Dada alimpaka unga wa wanga chini ya sweta, kwa siri. Usiige kunya kwa tembo, wazee walisema, utapasuka msamba. Yeye aliiga, na waliopasuka ni wanawe.

Winifrida ndilo jina alilopewa na babake. Bibi yake alimwita Kadzo, na yeye mtoto akiitwa Winifrida aliitika "Abee" ya kivivu, akiitwa Kadzo aliitika kabla hujamaliza.

Bibi huyo watoto walimwita hawe, kama wajukuu wa kwao wanavyowaita bibi zao. Alikuwa mwembamba, mfupi, anavaa hando, yale marinda ya kitambaa cheupe ya wanawake wa Kimijikenda, ananyonya tumbaku, na kichwani hubeba kikapu kilichomzidi kimo. Mihogo, kunde, mabungo, kuku mmoja amefungwa miguu. Alitembea kutoka Mwakirunge mpaka Kisauni, akalala kwetu, kisha tukapanda naye basi. Wala Krismasi hakuijua ni nini, maana hakuwa amebatizwa. Alijua tu kwamba shule zimefungwa na wajukuu wako nyumbani. Kila sikukuu inataka mtu mmoja ambaye watoto watamkimbilia, na katika nyumba ile mtu huyo alikuwa yeye. Nao walikuwa wakimkimbilia jikoni, kwani ndiko alikowekwa.

"Mama hapendi viti," Karani aliwaambia watu. "Amezoea jiko." Kwetu sisi alisema wazi zaidi. Mkubwa wake wa kazi, Mzungu, alikuwa akija na mkewe kila mwaka kunywa chai siku ya pili ya Krismasi. Heshima hiyo hakuipata karani mwingine yeyote. Wamwone mama wa hando na tumbaku kwenye meno? "Sebule ni picha ya nyumba," alisema, "na picha huchaguliwa kitakachokaa ndani." Dada alinyamaza. Dada yangu alikuwa na dhambi moja tu maishani, kunyamaza, lakini aliifanya kwa bidii.

Nisimnyime haki yake. Karani hakumpiga mkewe, hakulewa, hakumfukuza maskini mlangoni. Makuli wasiojua kusoma walimletea barua zao, naye aliwaandikia majibu bure, kwa mwandiko wa kuvutia, akiongeza salamu ambazo wao hawakuzifikiria. Na mamake alimtunza. Kila mwezi alipanda baiskeli mpaka Mwakirunge na sukari, mafuta ya taa na tumbaku. Paa lake likivuja alilipanda mwenyewe na makuti. Lakini aliyafanya hayo kama mtu anayeiba. Ukimkuta njiani alikwambia anakwenda kutazama shamba.

Tena kuna siku niliingia jikoni nikitafuta kisu. Wageni walikuwa wamekwisha kwenda, sebuleni pudini ya zabibu imebaki nusu kwa kuwa hakuna aliyeipenda, hata yeye. Nikamkuta Karani amechutama sakafuni, tai ameitupa begani, anakula sima na mtsunga kwa mkono katika sinia moja na mamake. Mtsunga ni mboga chungu, na alikuwa akiila amefumba macho. Mamake alikuwa akimsogezea matonge. Aliponiona aliinuka upesi, akafuta mdomo.

"Naonja tu kama imeiva," akasema.

Hawe alicheka mpaka akapaliwa na tumbaku. Mimi sikucheka. Huko nyuma nilimdhania ni mpumbavu asiyejua thamani ya alichonacho. Siku ile nikajua kwamba anaijua vizuri sana, na hapo dharau yangu ikaota mizizi.

Sasa theluji. Miaka minne kabla ya uhuru Karani aliamua kwamba mti wa Krismasi bila theluji ni uongo. Mti wenyewe alikuwa akiuweka kila mwaka, tawi kubwa la mvinje ndani ya debe la mchanga. Mwaka huo alifumua mito mitatu ya dada akatoa sufi yote, ile sufi nyeupe tunayojazia mito na magodoro, akaitandaza juu ya mti kuanzia kileleni mpaka chini. Kisha akafunga mishumaa midogo kwenye matawi. Nakiri ulipendeza. Watoto walisimama mbele yake wakiutazama.

Fundi wa magodoro alikuja kwa sababu alisikia mito inafumuliwa, akadhani kuna kazi. Alipoona mti alishika kidevu.

"Karani, mwanangu, sufi na moto hazikai nyumba moja. Mimi kazini kwangu hata sigara sivuti. Wallahi ikishika hii, huizimi. Itaruka."

"Mzee, huko wanawasha mishumaa kila mwaka."

"Juu ya sufi?"

"Juu ya theluji," akasema Karani. "Theluji haiungui."

Fundi alinitazama mimi, kana kwamba mwalimu ndiye angeweza kumsaidia. Nami nilikuwa nimemwambia dada asubuhi, na dada alikuwa amenyamaza. Basi fundi akaaga akaenda zake.

Wageni walifika saa kumi. Mapazia yalifungwa ili mishumaa ionekane, sebule ikawa giza na joto kama tanuri la mkate. Memsabu, mke wa mkubwa, alikuwa anajipepea kwa kofia yake. Harodi alisoma aya, akakaa. Kadzo, ambaye alikuwa na miaka mitano, alisimama karibu na mti aimbe. Mlango wa jikoni ulikuwa umeachwa wazi upana wa kidole, nikajua nani yuko nyuma yake. Mimi nilikuwa nimeshika birika la chai.

Mshumaa mmoja ulipinda kwa joto. Sikuona zaidi ya hapo, maana sufi haiwaki polepole. Ilisema pu, kama mtu anayezima taa, na mti mzima ukawa moto. Vipande vikaruka vinawaka chumba kizima, kimoja kikamtua mtoto begani, kingine kwenye nywele. Mzungu alirudi ukutani na kikombe chake. Karani alinyosha mikono yote miwili mbele, anasema kwa Kiingereza, "Tafadhali, tulieni, tafadhali." Na mimi, ninayemdharau, nilisimama na birika langu.

Hawe ndiye aliyekuja. Alimnyakua mtoto, akamng'oa sufi ile kichwani kwa kiganja kitupu, akambana kifuani mpaka moto wa sweta ukafa. Akanitupia mtoto. Kisha akarudi, akalikamata shina la mvinje lililokuwa likiwaka, akaliburura na debe lake mpaka uani. Alipoingia tena alikuwa anahema, hando limeungua pembeni, mkono wa kulia ameuficha nyuma. Mtoto alikuwa mzima. Nywele zilikuwa zimeungua upande mmoja, basi.

Memsabu alikuwa wa kwanza kupata sauti. Akauliza, "Ni nani huyu mwanamke jasiri?"

Mimi na dada tulimgeukia Karani. Kama kuna siku Mungu alimpa mtu maneno matatu mkononi, ni ile. Akalitazama hando, akatazama mdomo wenye tumbaku, akamtazama mkubwa wake.

"Ni yaya wetu," akasema.

Alisema kwa Kiingereza, lakini neno la yaya kila mtoto wa Mombasa analijua. Kadzo mikononi mwangu akapiga kelele kwa Kiswahili, "Si yaya! Ni hawe! Ni hawe wangu!" Memsabu akauliza mtoto anasema nini. Karani akamfasiria.

"Anasema ahsante."

Memsabu akaguswa. Akasema yaya kama yule anastahili zawadi, tena papo hapo, mbele ya watoto, wapate kujifunza. Karani akaingia chumbani, akatoka na leso mpya ya dada iliyokuwa haijakatwa, akampa mamake. Alimpa kwa mkono mmoja, kama mtu anavyompa mtumishi. Hawe akaipokea kwa mkono wa kushoto. Akamtazama mwanawe, si kwa hasira, ni kama alivyokuwa akimtazama akila, kisha akapiga goti kidogo.

"Ahsante, bwana," akasema.

Wazungu wakaondoka wameridhika. Gari halijafika barabarani, Karani akageuka. Mtaniona muongo, lakini nilikuwapo: neno la kwanza alilomwambia mamake lilikuwa, "Mama, umepokea kwa mkono wa kushoto mbele ya mkubwa wangu." Hawe akautoa mkono wa kulia nyuma ya mgongo amwonyeshe kwa nini. Kiganja kilikuwa kimebabuka chote.

Hapo Karani alitoa sauti ambayo sijaisikia tena. Alimbeba mamake mgongoni, na tai yake, na viatu vyake vya kung'aa, akakimbia naye mpaka hospitali hakungoja hata baiskeli. Dada alisema alilia njia nzima. Ni sawa, alilia. Machozi ya njiani hayana mashahidi, na yeye mashahidi ndio aliokuwa akiwaogopa.

Vidole viwili vya mkono ule vilipona vikiwa vimeshikana. Hawe akarudi Mwakirunge, na Krismasi iliyofuata hakuja, wala ile nyingine. Karani aliendelea kumpelekea sukari. Mti nao ukaendelea, ila mwaka uliofuata theluji ilikuwa ya unga wa mahindi, na siku ya tatu sisimizi waliteremka nao mpaka mezani. Kadzo hakuimba tena. Akiambiwa aimbe alisema koo linamuuma, na miaka mitatu mfululizo koo lile likamuuma siku ile ile.

Kisha uhuru ukaja. Wakubwa wa Kizungu wakafunga masanduku, na katika nafasi ya mkubwa wake Karani akaja bwana mpya, Mwafrika kutoka bara, mtu mchangamfu wa tumbo na kicheko. Nilikwenda Changamwe Jumamosi moja nikadhani nimepotea nyumba. Picha ya Malkia imeondoka. Kalenda imeondoka. Sweta zimegawiwa maskini, Mungu awasaidie na joto hilo. Karani amevaa kofia ya ushanga, ameshika usinga mkononi, anapunga nzi wasiokuwapo. Ukutani amebandika makuti ya mnazi yaliyosukwa.

"Mwaka huu tunafanya sikukuu ya Kiafrika," akaniambia. "Mwacha mila ni mtumwa, shemeji."

"Mila ipi?" nikamuuliza.

"Ya kwetu. Madafu, ngoma, wazee wamekaa mbele." Hapo akashusha sauti. "Bwana mpya anapenda sana wazee. Ameniuliza kama mamangu yu hai."

Nikaelewa. Hando lililomwaibisha sasa lilikuwa na soko. Aliniomba niende naye Mwakirunge, kwa kuwa aliona mamake atamkatalia yeye, lakini mimi hatanikatalia. Nilikwenda. Sikwenda kumsaidia, nilikwenda nikitaka kusikia akikataliwa.

Hawe alikuwa anapepeta mchele uani. Karani alieleza kwa maneno mengi, akataja bwana mpya, akataja taifa. Yeye aliendelea kupepeta mpaka mwanawe alipoishiwa na pumzi.

"Watoto watakuwapo?" akaniuliza mimi.

"Watakuwapo, mama."

"Kadzo ameota meno?"

"Ameota yote. Yu darasa la tatu."

"Basi nitakuja," akasema, na mimi nikawakasirikia wote wawili.

Siku yenyewe alikuja na hando jipya jeupe. Karani alimtoa chumbani kwa mkono, akamkalisha kiti cha mbele kabisa, chini ya makuti. Sebule ilijaa watu wa kazini na wa kanisani. Na hapo, kwa sauti ya kufika mpaka kwa fundi wa magodoro, akasema, "Huyu ndiye mamangu."

Nilikuwa nimeyangoja maneno yale miaka kumi. Yalipokuja hayakuwa na ladha, kama chai iliyopoa.

Bwana mpya aliinuka, akaenda kumwamkia kwa heshima kubwa. "Shikamoo mama! Mimi nafurahi sana kuona wewe." Akanyosha mkono. Hawe akasita kidogo. Kisha akaichukua ncha ya leso yake, akauviringa mkono wa kulia wote, vidole na kiganja, ndipo akampa. Nilijua anafanya nini. Alikuwa akiuficha, mtu asione, asiulize. Alikuwa akimlinda mwanawe katika nyumba ya mwanawe.

Bwana mpya aliushangaa mkono ule uliofungwa. Akamgeukia Karani. Naye Karani aliujua mkono ule, maana yeye ndiye aliyeubeba mgongoni mpaka hospitali. Akatabasamu.

"Ndiyo desturi ya wazee wetu," akasema. "Mgeni wa heshima hapewi mkono mtupu."

Watu wakasema aaa. Bwana mpya akafurahi, akatoa kitambaa chake cha mfukoni, akafunga mkono wake, akampa hawe tena kwa njia iliyo sawa. Waliofuata wakafanya vivyo hivyo. Mbele ya macho yangu wakapanga mstari, makarani na wake zao na mzee wa kanisa, kila mmoja amefunga mkono kitambaa, wanaiheshimu mila iliyozaliwa dakika mbili zilizopita. Karani alisimama kando anapunga usinga. Akawaita watoto. Harodi alifunga mkono wake, akaamkia, akarudi.

"Winifrida!" Hakuitika. "Kadzo!" akaita, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumsikia akilitumia jina hilo.

"Abee, baba."

Alikuja hana kitambaa. Alipiga magoti mbele ya bibi yake, akaikunjua leso polepole, mzunguko mmoja baada ya mwingine, mpaka mkono ukabaki wazi na vile vidole viwili vilivyoshikana. Akaubusu. Kisha, bila kuinuka, akasema kwa sauti ya kusoma darasani, "Baba, mwambie mgeni mkono huu ulipatwa na nini."

Bwana mpya aliinama kutazama. Karani akaushusha usinga. Nilimwombea kitu, sijui kwa nini. Nilimwombea aseme.

"Niliungua na chungu, bwana," akasema hawe upesi. "Jikoni kwangu. Uzee tu."

Na Karani, aliyekuwa amefunguliwa mlango na mtoto na akafunguliwa mwingine na mama, akachagua. "Ndiyo, chungu," akasema. "Hawa wazee wetu, ukiwakataza jiko hawasikii." Watu wakacheka. Akapiga makofi, akaagiza madafu yaletwe.

Kadzo alikuwa bado amepiga magoti, mkono wa bibi yake uko mikononi mwake. Aligeuza uso akamtazama babake, akamtazama muda mrefu, kofia, usinga, kalamu tatu. Nikaitambua ile dharau, maana ilikuwa yangu. Siku zote nilikuwa nikitamani nipate mwenzangu katika nyumba ile wa kuibeba nami. Nikampata, na sikufurahi. Alikuwa na miaka tisa tu.